Vioo Vinavyovuta Jua

"Nikipiga chafya hapa Mafiga, majenereta kumi na manne huko Uluguru yanajibu 'afya'. Hakuna kinachotikisika mlimani mimi nisijue. Kunguru akitua kwenye waya, nimeshamwona. Akiruka, nimeshamuaga."

Hivyo ndivyo Halidi alivyomkaribisha kazini Nasra, mfanyakazi mwenzake aliyehamia siku hiyo kutoka Dodoma. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Halidi alikuwa amejilaza kwenye kiti chake cha ofisini chenye magurudumu, mikono kisogoni, na mbele yake skrini tatu zilizojaa mistari ya njano, ya kijani na ya bluu. Kila mstari ulikuwa na mwenyewe huko juu milimani: shule hii, zahanati ile, mnara wa simu wa kule ambako nguzo za umeme hazijafika na wala hazijaahidi kufika.

"Wewe umeshapanda huko mara ngapi?" Nasra akauliza.

"Kupanda?" Halidi akacheka mpaka kiti kikazunguka. "Dada yangu, kupanda mlima ni shida ya watu wasio na kompyuta."

Ukweli ni kwamba hajawahi kupanda hata siku moja. Alizaliwa Mwembesongo, akasomea Mwembesongo, akavunjika jino la mbele Mwembesongo, na milima ya Uluguru aliijua kama mtu anavyoujua mgongo wake: yupo nao siku zote, unamuwasha mara moja moja, lakini kuutazama hajawahi. Mama yake alitoka huko huko juu, akateremka akiwa msichana, na hata hilo Halidi alilikumbuka pale tu mafenesi yalipoletwa nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kituo kilikuwa na vioo vya sola, betri, na jenereta la akiba. Jua likiwepo, vioo vinajaza betri. Jua likikosekana, betri zinafanya kazi. Betri zikichoka, jenereta linajiwasha lenyewe. Na likisahau kujiwasha, Halidi anabonyeza kitufe kwenye kompyuta, nukta nyekundu inageuka kijani, naye anaendelea na chai yake.

Jumatatu hiyo hiyo, saa tatu asubuhi, mstari wa njano wa zahanati ya Lukwele, kijiji kilicho juu ya Kinole, ukaporomoka. Halidi akakunja uso. Mstari wa njano ni nguvu ya jua, na jua lilikuwa linawaka mpaka bati la jirani linalia. Saa nane mchana mawingu yakafunika mlima wote, na mstari ukapanda.

"Ona maajabu," akamwambia Nasra. "Jua likiwaka, umeme hakuna. Mawingu yakija, umeme huo."

Jumanne ikawa vile vile. Kukikucha na jua, mstari chini. Wingu likipita, mstari juu. Halidi akampigia simu nesi wa Lukwele, Yustina, sauti ambayo alikuwa akiisikia kwa mwaka mzima bila kuijua sura yake.

"Nesi, kuna mti umekua ukaziba vioo?"

"Hakuna mti, kaka."

"Vumbi je?"

"Vumbi na mvua hizi za vuli? Labda ulilete wewe."

"Na jua lipo?"

"Lipo, tena linachoma. Kaka Halidi, friji langu vipi? Ijumaa ni siku ya chanjo. Nina dozi za watoto mia moja na arobaini humu ndani."

"Wewe tulia nesi. Nakuona kutoka hapa."

Hakuwa anamwona. Alichokiona ni mistari, na mistari ilikuwa inamcheka. Akafikiri, akakuna kichwa, akatoa hukumu: kipimo kibovu. Hakuna jua duniani linalopunguza umeme, kwa hiyo aliyesema uongo ni kipimo. Na jenereta lilikuwa limejiwasha jioni iliyotangulia kwa sababu ya uongo huo, likanywa dizeli, na barabara ya kupandishia dizeli nyingine ilikuwa imekatwa na maporomoko tangu wiki iliyopita. Halidi akalizuia jenereta lisijiwashe. Akaandika kwenye daftari la zamu: "Lukwele: kipimo kibovu. Jua likiwaka kinasema hakuna jua. Jenereta limezuiwa ili kuokoa dizeli." Akapiga mstari chini ya neno kuokoa, maana alijiona ameokoa kweli.

Jumatano asubuhi Zuhura, mkuu wao wa kazi, alisimama nyuma ya kiti chake na daftari mkononi. Zuhura alikuwa fundi wa umeme kabla ya kuwa mkuu, na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alikuwa anaishusha, na hapo ndipo watu walipoogopa.

"Halidi. Kama kipimo ni kibovu, nani analipasha moto friji?"

"Friji, dada?"

Akanyoosha kidole kwenye mstari wa bluu, ule wa kule chini kabisa ambao Halidi hakuwa na desturi ya kuuangalia. Friji la chanjo linatakiwa kukaa kati ya nyuzi mbili na nane. La Lukwele lilikuwa limefika saba.

Kiti cha Halidi kikaacha kuzunguka.

"Betri zimekwisha kweli," akasema Zuhura. "Kipimo hakidanganyi. Likivuka nane, zile dozi zote ni za kutupwa, na nyingine hazifiki kabla ya wiki tatu. Ijumaa kina mama watatoka vitongoji saba na watoto mgongoni, waambiwe nini? Waambiwe Halidi ameokoa dizeli?"

"Nilirudishe lijiwashe sasa hivi?"

"Nimeshalirudisha mikononi mwangu. Lina dizeli ya saa mbili. Saa mbili tu, mpaka Ijumaa. Nitaliwasha jenereta kila friji likikaribia nane, friji halitavuka usiku wa leo. Lakini kinachokula jua kule juu mimi sikioni kutoka hapa, na wewe pia hukioni. Una viatu?"

"Ninavyo hivi."

Zuhura akavitazama viatu vile vyeupe vya mjini kama anavisomea dua. "Basi hivyo hivyo. Panda."

*

Bodaboda ilimpeleka kupitia Bigwa, ikazunguka mlima upande wa mashariki, ikamfikisha Kinole, ikaishia hapo. Mwendesha pikipiki akaelekeza kwa kidevu mahali ambapo barabara ilikuwa imekatika, tope jekundu likining'inia kama ulimi, akasema, "Kutoka hapa Mungu amekupa miguu."

Halidi akaitumia. Dakika ya kumi alikuwa bado anapiga soga na watu njiani. Dakika ya thelathini soga zilikwisha. Saa ya kwanza alikuwa hana hata la kufikiri, ana pumzi tu, nazo za mkopo. Njia ilipita kwenye migomba, ikapita kwenye mananasi, ikaingia chini ya mifenesi yenye mizigo kama mama wa mapacha, ikatokea kwenye harufu ya mdalasini iliyomfanya asimame bila kutaka. Mashamba yalikuwa yamechongwa ubavuni mwa mlima kama ngazi, ngazi juu ya ngazi, na watu wakilima mahali ambapo yeye alikuwa anapita kwa mikono na magoti. Bibi mmoja akampita na mkungu wa ndizi kichwani, akimsalimia yeye kwanza kwa huruma.

Na maji. Kila kona kulikuwa na maji yanayoongea. Yalitoka kwenye mwamba, yakavuka njia, yakajitupa bondeni. Halidi alikunywa, akanawa uso, na kwa mara ya kwanza ikampitia akilini kwamba maji aliyokuwa akiyakinga bombani Mwembesongo toka utotoni yalikuwa yanatoka mahali. Si bombani. Hapa. Mlima ule aliokuwa ameuweka kama picha ya ukutani ulikuwa unamnywesha miaka yote, naye hajawahi hata kuusalimia.

"Shikamoo," akauambia mlima, kwa mzaha. Lakini hakucheka.

Alifika Lukwele saa kumi na nusu jioni, ukungu ukiwa umeshuka na kuifunika zahanati mpaka ikawa nusu nyumba. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mfupi mwenye koti jeupe, na pembeni yake bibi aliyevaa kanga, buti za mpira na funguo shingoni kama mkufu.

"Wewe ndiye Halidi?" akauliza mwenye koti. "Kwenye simu nilidhani ni mtu mzima."

"Ndiye mimi, nesi. Shikamoo bibi."

"Marahaba," akasema bibi yule, akimkagua kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyeupe ambavyo sasa vilikuwa na rangi ya udongo. "Mimi ni Felista, mlinzi wa hapa. Wewe ni mtoto wa nani?"

Halidi akamtaja baba yake. Felista akapunga mkono kama anafukuza inzi.

"Baba achana naye. Mama yako lukolo gani?"

Huku juu mtu ni wa ukoo wa mama yake, wala hakuna mjadala. Halidi akautaja ukoo wa mama yake, jambo ambalo hakuwahi kuulizwa mjini. Bibi Felista akapiga makofi mawili, akacheka mpaka funguo zikalia.

"Watani wangu hao! Yustina, nimeletewa mtani! Basi kijana, nikikutukana usinune, na nikikuumbua usinune. Ndiyo haki yangu."

"Mimi pia ninayo haki hiyo, bibi?"

"Unayo. Ukishapata pumzi."

Friji lilikuwa limefika nyuzi saba na nusu. Yustina alikuwa amelifunga kwa blanketi mbili na kuandika kwenye karatasi mlangoni: MARUFUKU KUFUNGUA, HATA MIMI. Halidi akachukua taa, akapanda mteremko nyuma ya zahanati, akaviona vioo kwa chini, vinane, vimelala kwenye fremu ya chuma iliyofika kiunoni. Vilikuwa safi, vimelowa ukungu. Hakuna mti, hakuna vumbi, hakuna ufa. Akafungua sanduku la betri na kupima kwa mita yake ya mkononi. Ikamwambia kile kile kilichokuwa kinasemwa na skrini kule Mafiga. Kipimo hakikuwa kibovu. Kibovu alikuwa yeye.

Akampigia Zuhura. "Dada, kila kitu ni kizima."

"Na bado umeme haupo."

"Na bado haupo."

"Haya. Liko saba na nusu, nawasha kwa saa moja. Simama pembeni."

Halidi alikuwa ameshakibonyeza kitufe kile mara mia tano, labda zaidi. Mara zote alichokiona ni nukta nyekundu kugeuka kijani. Sasa alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye jenereta, kwenye kibanda chake cha matofali, kimya kimekaa kila mahali, hakuna mkono wa mtu karibu.

Kitu kikagonga ndani, tak, kama ulimi. Kisha chuma kikavuta pumzi. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka chini ya nyayo zake, mtetemo ukampanda magotini, ukaingia kifuani, na jenereta likanguruma kwa sauti iliyowatoa ndege kwenye miti yote ya upande ule kwa pamoja. Taa ya mlangoni ikawaka, ukungu ukageuka dhahabu. Joto likamgusa usoni kama pumzi ya ng'ombe. Halidi akarudi nyuma, akakanyaga ndoo ya bibi Felista, nusura aketi ndani yake.

"Ee!" Felista akamshika mkono. "Si mkono wenu huo? Umeogopa mkono wako mwenyewe?"

Mji ulikuwa upande wa pili, na katikati ulikaa mlima mzima, miamba, misitu, maporomoko, ule mlima uliomtoa jasho mchana kutwa. Na kidole cha Zuhura kilikuwa kimeuvuka kabla hajafumba macho. Naye Halidi alikuwa akilifanya jambo hili kila siku huku anakunywa chai.

"Bibi," akauliza, "ndivyo linavyokuwaga kila siku?"

"Kila siku. Watoto wanakimbia kuja kulitazama. Mimi nilipolisikia mara ya kwanza nilipiga ishara ya msalaba, nikarudia na ya pili kwa ajili ya fundi. Nikasema, mtu anayeweza kuliamsha hili kutoka mjini lazima ni mtu mkubwa sana." Akamtazama tena. "Kumbe."

Saa moja ikapita, jenereta likazimwa, likakohoa, likalala. Friji lilikuwa limeshuka hadi nyuzi tano. Imebaki dizeli ya saa moja. Yustina akapiga hesabu kwa sauti: kama kesho vioo havitoi kitu, friji litapanda tena, saa ile ya mwisho italishusha mara moja, na alfajiri ya Ijumaa litakuwa limevuka nane kabla mtoto wa kwanza hajafika.

"Kesho," akasema. "Tuna kesho tu."

*

Alilala kwa bibi Felista, akaamka na baridi, akatoka nje, na akasahau kuwa ana baridi.

Mawingu yalikuwa chini yake. Alikuwa ameyatazama kwa chini maisha yake yote, na sasa yalikuwa yamejaa bondeni meupe, yametulia, vilele vya vilima vikichungulia kama migongo ya viboko. Mbali huko, juu ya tambarare za Ngerengere, jua lilikuwa linatoka, na lilipotoka halikupanda taratibu kama la mjini. Lilimwagika. Likaja juu ya mawingu mpaka miguuni pake. Halidi, ambaye hakuna kitu alichokuwa hana mzaha nacho, alisimama pale mdomo wazi kama mtoto aliyeonyeshwa tembo.

"Subhanallah," akasema.

"Mtani!" Felista akaita kutoka nyuma. Alikuwa na mkeka mpana uliojaa pilipili manga, mbichi, za kuvunwa jana. "Una mikono miwili, yote imekaa bure. Shika upande huo."

Akashika. Mkeka ulikuwa mzito, ukafika kifuani, wakautembeza katikati yao kama machela. Felista alitangulia kwa njia ya juu, ile inayotoka mashambani, na Halidi akafuata, jicho moja kwenye utelezi, jicho la pili kwenye lile bonde la mawingu. Na mdomo, kwa kuwa pumzi zilikuwa zimerudi, ukarudi kazini.

"Bibi, leo nitakufundisha mambo ya vioo. Vile vioo ni kama shamba, umenielewa? Jua ndiyo mvua yake. Kikipata jua kizima, umeme mwingi. Ukikiwekea kivuli hata cha jani, basi, umekinyima chakula."

"Maajabu," akasema Felista, anatembea.

"Hata jani moja, bibi! Ndiyo maana nimetoka Mafiga kuja kumtafuta huyo anayeviziba. Nikimpata, tutajuana. Tunaweka wapi huu?"

"Hapo kwenye nafasi."

Kulikuwa na kina mama wengine pale, sita, wameinama juu ya kichanja kirefu, wanafunga mikeka yao kwa kamba za mgomba isiteleze. Halidi akawasalimia, akaushusha upande wake, akafunga fundo, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akazisambaza zile pilipili kwa kiganja mpaka zikakaa sawasawa, hakuna iliyolala juu ya mwenzake.

Jogoo akawika mfukoni mwake.

Ilikuwa simu. Alikuwa ameiwekea sauti ya jogoo mwenyewe, iwike kila mstari wa njano unapoporomoka. Akaitoa, akaangalia. Lukwele, saa tatu kasoro, jua kali. Nguvu ya jua: karibu na sifuri.

Akainua macho. Akakitazama kichanja. Miguu yake ilikuwa ya chuma. Akainama, akafunua pembe ya mkeka alioufunga yeye mwenyewe, na chini yake, cheusi, safi, kimelala, kikamtazama kioo.

Halidi akakaa chini kwenye umande.

"Anaumwa?" akauliza mama mmoja.

"Ni mtu wa mjini," akasema Felista. "Wanakaa tu."

"Bibi," sauti ya Halidi ilikuwa ndogo. "Nani aliwaambia mwanike hapa?"

"Ninyi! Mafundi wenu walipokuja kuvifunga walituita mkutano, wakasema hivi vioo vinavuta jua. Sisi tukakaa tukafikiri. Kama vinavuta jua, basi jua jingi la kijiji hiki liko hapa. Wiki hii pilipili zimeanza kuiva, na vuli hii jua ni la kuiba, linatoka saa mbili linarudi ndani. Nyumbani pilipili inachukua siku sita, inaota ukungu. Hapa siku mbili imekauka, nyeusi, inalia kama changarawe. Kwa hiyo jua likitoka tunaanika, wingu likija tunaanua mbio zisilowe. Kwani kuna kosa?"

Halidi akaiona mistari yake yote ya Jumatatu na Jumanne. Jua linatoka, mikeka inashuka. Wingu linakuja, mikeka inaondoka. Kila mpando na kila mporomoko ulikuwa ni mikono ya hawa kina mama saba, wakilikimbiza jua kwa akili zaidi kuliko kompyuta yake. Alikuwa ameyatazama maisha yao kwa siku mbili nzima, saa kwa saa, akayaita kipimo kibovu.

"Nesi alijua?" akauliza.

Yustina alikuwa ameshafika, koti lake jeupe likipepea. "Uliniuliza mti," akasema, akitazama pembeni. "Ukaniuliza vumbi. Hukuniuliza pilipili." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Na huo mkeka wa pembeni pale, aliouanika jirani yangu, ni wangu."

Halidi akawaeleza. Safari hii alieleza akiwa amekaa chini, bila madoido: kwamba jua halirundikani pale, linaliwa pale, na linakoenda ni kwenye friji, na kwenye friji kuna dozi za kesho. Hakumaliza. Felista alikuwa ameshafungua fundo la kwanza.

"Wajukuu zangu wawili wamo humo," akasema. "Anueni, jamani. Anueni!"

Mikeka saba ikanyanyuka. Halidi akaitazama simu. Mstari wa njano ulisita, ukapinda, halafu ukapaa, ukaenda juu moja kwa moja kama mshale wa mtoto, na ndani ya zahanati wakasikia friji likianza kuvuma, sauti nyembamba, ya raha. Yustina akafumba macho akiisikiliza. Mama mmoja akauliza kwa kunong'ona, "Ndilo jua hilo linalolia humo ndani?" Hakuna aliyemcheka. Lilikuwa ndilo.

"Na pilipili zetu?" akauliza Felista. "Zioze?"

Hapo Halidi alipata kazi ambayo haikuwemo kwenye mkataba. Bati la zahanati lilikuwa pana, linachoma, na halikuwa na shughuli nyingine. Alipanda ngazi na mkeka wa kwanza, akashuka, akapanda na wa pili. Saa saba wingu likaja, akaianua yote mbio huku kina mama wakimpigia vigelegele vya kejeli kutoka chini. Saa nane jua likarudi, akairudisha. Jioni betri zilikuwa zimejaa zaidi ya nusu, dizeli ya saa moja haijaguswa, friji lilisimama nyuzi nne, na viganja vya Halidi vilinukia pilipili mpaka akipiga mwayo anapiga chafya. Hakuna jenereta lililomjibu.

*

Ijumaa walianza kufika kabla ukungu haujainuka. Kwanza zilisikika sauti, halafu kikohozi cha mtoto, halafu kanga zikatokea moja moja kutoka kwenye weupe, kila njia, kutoka juu, kutoka chini, kutoka mahali ambapo Halidi angeapa hakuna njia. Wengine walikuwa wametembea tangu saa kumi alfajiri. Kwenye kompyuta yake jambo hili lote lilikuwa limeandikwa kwa maneno mawili, "mzigo: friji". Sasa mzigo ulikuwa unapita mbele yake, mgongo kwa mgongo, na macho makubwa yanamtazama juu ya mabega ya mama zao. Akajikuta anawahesabu. Alipofika tisini akaacha kuhesabu.

Yustina akalifungua friji. Nyuzi nne. Akatoa chupa ya kwanza, akaishika juu kwenye mwanga, ndogo kama kidole cha mtoto, baridi, na mtoto wa kwanza akalia kilio kizuri kuliko vyote ambavyo Halidi alikuwa amewahi kusikia.

Ndipo simu ya Zuhura ilipoingia. Kwa kuwa benchi zote zilijaa wasikilizaji, na kwa kuwa mtu ni yule yule hata ukimpandisha mlimani, Halidi akaiweka sauti ya nje.

"Dada Zuhura! Chanjo zinaendelea, zote salama!"

"Alhamdulillahi," ikasema simu, na hata kule mbali ilisikika pumzi ikishuka. "Hongera. Sasa niambie, ulijuaje kwamba ni mikeka? Naandika taarifa."

Halidi akajikohoza, akaweka mguu mmoja juu ya kizingiti. "Ni uzoefu, dada. Jana asubuhi nilisimama pale juu, nikalitazama jua, nikavitazama vioo, nikajiambia: hapa kuna kitu kinakuja kuziba. Mara nawaona kina mama hao, na mikeka. Nikapaza sauti, 'Kina mama, simameni hapo hapo!' Wakasimama. Basi nikawaelimisha taratibu. Hakuna mkeka uliogusa kioo."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, wallahi nakwambia."

Kwenye benchi la mbele bibi Felista alikuwa amempakata mjukuu mmoja na kumfunga mwingine mgongoni. Akamhamisha yule wa mapajani goti la pili, bila haraka.

"Mtani wangu."

"Naam, bibi."

"Sogeza hiyo simu huku, huyo mama anisikie vizuri." Akaisogelea mwenyewe. "Shikamoo hatuitaki, andika tu. Mikeka ilikuwa saba. Wa saba ulikuwa wangu, ukakaa juu ya kioo vizuri mno, pilipili zimesawazishwa kwa kiganja, fundo limefungwa la kiume. Upande mmoja niliubeba mimi. Sasa muulize huyo fundi wako, upande wa pili niliubeba na nani?"

Benchi zote zikageuka kumtazama Halidi.